Nati ya Klachi

Kwi, tak. Kwi, tak.

Mgeni angedhani ni panya anayetafuna mlango wa kabati. Mimi nilikuwa nimeizoea sauti hiyo kama nilivyozoea mkoromo wa mume wangu. Ilitoka sebuleni, mahali ambapo pikipiki yake hulala kila siku ikiwa imefunikwa shuka kuukuu. Nje bado kulikuwa giza. Mzee alikuwa ameketi juu yake, miguu peku, taa hajawasha, akibana klachi na kuiachia, akibana na kuiachia, akidhani nimelala.

Na mimi nikajifanya nimelala. Katika ndoa ndefu kama yetu, kulala ni jambo moja na kujifanya umelala ni jingine, na hilo la pili ndilo linalotaka mapenzi zaidi.

Klachi, kwa asiyeendesha, ni kile chuma cha mkono wa kushoto kwenye usukani wa pikipiki. Usipokibana, giya haibadiliki, na kukibana kunataka nguvu ya vidole. Mkono wa kushoto wa mume wangu ndio uliochukuliwa na kiharusi mwaka uliopita. Ulirudi, lakini ulirudi polepole, kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta wenzake wanacheza. Kwanza ulikuwa unaminya mpira laini aliopewa na mama wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Kisha ukawa unakamua kitambaa cha kuoshea vyombo. Siku alipoweza kukamua taulo zima mpaka likaacha kudondosha maji, alilileta akaliweka mezani mbele yangu kama mwindaji aliyeleta swala. Baada ya hapo ikawa klachi, kila alfajiri.

Safari tuliyokuwa tukiisubiri ilikuwa ya kwenda kwa dada yake mkubwa, ng'ambo ya milima, na kurudi jua likiwa bado juu. Yeye kwa pikipiki yake, mimi kwa skuta yangu, kama tulivyokuwa tukitembea tangu watoto walipoondoka nyumbani. Daktari alikuwa amempima, akampima tena, akasema anaweza kuendesha, ila mchana tu na asiwe peke yake. Binti yetu hakufurahi. Alitaka kutupeleka kwa gari lake. Baba yake akamwambia taratibu, "Mwanangu, shangazi yako akiniona nateremshwa garini kama gunia, ataanza kulia upya. Niache niende kama nilivyokuwa nikienda."

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa safari yenyewe.

Wifi yangu ndiye aliyemlea mume wangu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka shule, akamtafutia mahali pa kujifunza ufundi wa pikipiki. Mpaka uzee umetukuta, bado anamwita "mtoto". Mwaka jana kitasa cha mlango wa jiko lake kiliharibika. Akampigia simu mdogo wake: njoo unitengenezee, na usikawie. Mzee aliacha chakula mezani akaondoka. Njiani, kabla hajafika, mkono ukafa ganzi, akaanguka kando ya barabara, na wapita njia wema ndio waliomfikisha hospitali.

Daktari alimweleza wifi kwa maneno mepesi kwamba ni shinikizo la damu, kwamba lingempata hata akiwa kitandani, na kwamba kuanguka mahali penye watu ilikuwa bahati. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na hakuamini hata neno moja. Kwake yeye, lile neno "usikawie" ndilo lililomwangusha mtoto wake. Tangu siku hiyo hakutuita tena. Mwanamke aliyekuwa hakati simu bila kuuliza mnakuja lini, sasa alikuwa anauliza hali, anaomba dua, kisha anasema, "Kaeni huko huko mpumzike." Tena anakata haraka, kama anayeogopa ulimi wake mwenyewe. Mzee alikuwa anabaki ameishika simu, anaitazama. Siku moja akaniambia, "Mkono nimeupata, dada nimempoteza." Si mtu wa maneno makubwa. Akiyatoa, ujue ameyabeba muda mrefu.

Basi alitaka afike pale kwa pikipiki ileile, kwa mkono uleule, dada amwone kwa macho. Kama asingeweza, alikuwa amekwisha sema kwamba ataiuza pikipiki na hatazungumzia tena habari za kwenda.

Na mimi kwa kumwonea huruma nikafanya jambo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule na mashuka ya hospitali mpaka macho yakaomba miwani. Kwenye cherehani kuna nati ndogo ya kukaza na kulegeza uzi, na kwenye waya wa klachi kuna nati inayofanana nayo. Ukiilegeza, klachi inakuwa nyepesi mkononi. Nililijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi alipotengeneza pikipiki za watu uani. Basi siku moja kabla ya safari, alipokwenda kunyoa, nikachukua spana nikailegeza kidogo. Nilijiambia kwamba mtu akibeba mzigo mzito, kumpunguzia bila kumwambia si dhambi.

Kwa hiyo alfajiri ile, nikiwa chini ya blanketi, nilisikia "tak" imekuwa laini kuliko siku zote. Nikatabasamu gizani.

Tuliondoka kulipopambazuka. Jirani yetu muoka mikate alikuwa ndio anafungua duka lake, akatuona tumevaa makoti na kofia ngumu, akauliza kama tunatoroka. Mzee akamjibu kwamba wazazi wangu wamekataa ndoa, kwa hiyo ameamua kunitorosha. Jirani akasema kama ni hivyo hatuwezi kwenda na njaa, akaingia ndani akatoka na mkate wa moto, akauweka kwenye kikapu cha skuta yangu na kuufunika kwa karatasi mbili ili usipoe. Karatasi moja ingetosha. Vitu kama hivyo mimi huviona.

Tuna kanuni yetu barabarani, mwenye mwendo mdogo ndiye anayetangulia. Kwa hiyo mimi na skuta yangu huwa mbele, na yeye huwa nyuma akinilinda mgongo. Tena tuna lugha yetu ya honi. Mlio mmoja kwenye kona maana yake nipo. Miwili, punguza mwendo. Mitatu, simama, kuna kitu cha kutazama. Honi ya pikipiki yake iko upande wa kushoto, chini ya kidole gumba, na zamani alikuwa anaipiga kila kona mpaka namwambia anawaharibia ndege usingizi.

Mji ulipoisha, barabara ilishuka kwenye mashamba. Ukungu ulikuwa umelala chini kama maziwa yaliyomwagika, na vichwa vya miti vilikuwa vimetokeza juu yake. Hewa ilinukia udongo uliolowa. Watu waliokuwa wanakwenda shambani walitupungia majembe, na mama mmoja aliyejitwika ndoo alinyoosha kidole kwa skuta yangu akacheka, si kwa kejeli, ila kama mtu aliyeona kitu ambacho na yeye angependa kukijaribu. Nikampigia honi. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba nina wasiwasi.

Lakini kona ya kwanza ilipita, sikusikia mlio. Ya pili nayo kimya. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona yupo, amekaa wima, uso umekaza ndani ya kofia. Nikajua kidole gumba hakina nafasi ya kupiga honi, mkono wote unafanya kazi ya klachi. Kila alipobadili giya, injini ilinung'unika, na chuma kikagongana na chuma. Tuliposimama kidogo nijifunge skafu vizuri, alisema pikipiki imekaa ndani muda mrefu, imekuwa na kiburi. Nikasema ndiyo, itakuwa hivyo. Tukaendelea.

Barabara ikaanza kupanda, kona juu ya kona. Kulia kulikuwa na msitu, kushoto bonde, na chini bondeni mto ulikuwa unang'aa kwa vipande, unaonekana na kupotea. Siku nyingine tungesimama mara kumi. Siku ile nilikuwa natazama kioo kuliko bonde.

Ndipo tulipofika darajani. Ni daraja jembamba, linapitisha gari moja tu, na upande wa pili lilikuwa limekwisha kuingia lori la mbao. Nikasimama pembeni. Nyuma yangu nikasikia injini inavuma vibaya, kisha pikipiki ya mume wangu ikaruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikanipita kwa ubavu, ikafa katikati ya njia ikiwa imelala upande. Mguu wake ndio ulioizuia isianguke kabisa. Lori likafunga breki mbali kidogo mbele yake.

 Niliacha skuta vile ilivyo nikakimbia.

Hakuwa ameumia. Dereva wa lori alikuwa ameshuka tayari, mtu mnene mwenye kitambaa shingoni. Hakupiga kelele wala hakuuliza wazee wanatafuta nini barabarani. Alishika pikipiki upande mmoja, mimi upande mwingine, tukainyanyua tairi la nyuma tukaitoa njiani, akachukua jiwe akaliweka nyuma ya tairi ili isirudi. Kisha akarudi kwenye lori, nikadhani anaondoka. Kumbe alikwenda kuzima injini, ili tuweze kusikilizana.

Mume wangu alikaa kwenye ukuta mfupi wa daraja, akavua glavu. Aliuweka mkono wa kushoto juu ya goti akautazama kama unavyomtazama mtu uliyemwamini.

"Umegoma," akasema. "Nimebana mpaka mwisho, mama. Nimebana kwa nguvu zangu zote. Haukuwa na nguvu ya kuachia giya."

Nilikaa kando yake.

"Mpigie mtoto aje na gari," akasema. "Anirudishe nyumbani."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliikunja glavu vizuri, akaiweka ndani ya mwenzake, kama mtu anayeweka kitu ambacho hatakitumia tena.

Nilikwenda kwenye pikipiki kutoa simu iliyokuwa kwenye mfuko wa pembeni. Sijui ni nini kilichonifanya nishike klachi. Labda nilitaka tu kushika kitu alichokuwa amekishika. Nikaibana kwa mkono wangu, huu uliovuta mashuka ya hospitali nzima, mkono usio na ugonjwa wowote. Klachi ikaja mpaka ikagusa kishikio. Nikaondoa jiwe, nikaisukuma pikipiki. Haikusogea. Giya ilikuwa imeshika, na klachi nimeibana mpaka mwisho. Nikasukuma tena kwa kiuno. Haikusogea.

Hapo nikaelewa, na nikatamani ardhi inifiche.

Kwa sababu nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia. La kwanza lilikuwa zuri, kwamba mkono wake ni mzima. Lakini sikuweza kulitoa hilo bila la pili, kwamba mimi mke wake, niliyekuwa namsifia kila taulo analokamua, sikuwa nimeuamini mkono huo.

"Si mkono wako," nikasema. "Ni nati."

"Nati gani?"

"Ya waya wa klachi. Niliilegeza. Ulipokwenda kunyoa. Nilitaka iwe nyepesi."

 Chini yetu mto ulikuwa unapita kwenye mawe. Dereva wa lori akageuka akawa anatazama maji kwa bidii kubwa, kama mtu aliyeona samaki. Nilisubiri mume wangu anikasirikie. Alikuwa na haki.

"Uliilegeza kiasi gani?" akauliza mwishowe, kwa sauti ya fundi, si ya mume.

"Kidogo tu. Nusu ya mzunguko, haifiki."

"Nusu ya mzunguko haiwezi kufanya hivi." Akakuna kidevu. Akatazama viatu vyake. "Labda ikijumlishwa na ile nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Yangu," akasema. "Jana jioni, ulipokuwa uani unaanua nguo."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, cheko la tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu augue, na mimi nikamfuata mpaka miwani ikajaa ukungu. Alikuwa ameilegeza kwa siri ili mkono usimwaibishe mbele ya dada, na mimi nilikwisha kuilegeza kwa siri ili usimwaibishe mbele yake mwenyewe. Alfajiri alipobana akaona klachi nyepesi kama siagi, nyepesi kuliko alivyoilegeza, akafikiri mkono umepona usiku mmoja. Fundi aliyetengeneza pikipiki za mji mzima, hakutaka kuuliza kwa nini. Injini ilipokuwa baridi, klachi ilivumilia. Ilipopata moto kwenye mlima, ikakataa kabisa kuachia.

"Ningejua," nikasema nikifuta macho. "Cherehani moja haiwekwi uzi na watu wawili."

"Na pikipiki moja haitaki mafundi wawili waongo," akajibu.

Dereva wa lori sasa alikuwa anacheka waziwazi. Mume wangu akamwomba radhi kwa kumchelewesha. Yule bwana akasema, "Mzee, chukua muda wako. Nimebeba mbao, haziozi." Akaleta dumu la maji ya kunawa na kipande cha sabuni, akasimama upande wa barabara ili gari lingine likija alisimamishe.

Spana ilikuwa chini ya kiti. Nilimshikia kofia yake, maana mchana hakuna tochi ya kushika. Alipoanza kuikaza nati nikamwambia kwa upole labda aiache imelegea kidogo, kidogo tu. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Iwe inavyotakiwa kuwa. Ikinishinda, nijue ni mimi imenishinda, si nati."

Akakaza, akapima kwa kidole, akakaza tena. Akanawa mikono. Akapanda. Akaweka vidole vinne vya mkono wa kushoto kwenye klachi, na mimi niliona kwamba sasa ni nzito, nzito ya kweli, kama ilivyokuwa zamani. Vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Mshipa wa shingo ukasimama. Nilishika ile kofia yake kifuani kwangu kwa mikono miwili.

Klachi ikaja. Akaiachia. Akaibana tena, ikaja. Pikipiki ikateleza mbele na nyuma chini yake, huru.

Alfajiri zote zile, kwi, tak, hazikwenda bure. Sisi wawili tu ndio tuliokuwa hatujui.

Aliwasha. Giya ya kwanza ikaingia kimya kama ufunguo kwenye kufuli lake. Dereva wa lori alipiga honi yake kubwa mpaka ndege wakaruka msituni, akatupisha kwanza sisi, ingawa yeye ndiye aliyekuwa ametangulia kufika.

Nilitangulia, kama kanuni inavyosema. Kona ya kwanza baada ya daraja ilikuwa kali na ya kupanda, siwezi kutazama kioo kwenye kona kama hiyo. Nikaendesha nikiwa nimekaza mabega, nasikiliza. Nilipokuwa natoka kwenye kona, nikasikia nyuma yangu: pii.

Kona ya pili: pii. Ya tatu, ya nne, kote alikuwa anapiga, na pale pasipo na kona pia alipiga. Kidole gumba kilikuwa kimepata nafasi. Nililia ndani ya kofia, na kulia ndani ya kofia ngumu ni shida, huwezi kujifuta.

Kileleni nikasikia milio mitatu. Nikasimama. Mbele yetu mlima ulishuka mpaka kwenye ziwa, maji yametulia, na kivuli cha wingu kilikuwa kinatembea juu yake polepole kuliko sisi. Tuliukata mkate wa jirani kwa mikono. Ule wa katikati ulikuwa bado una joto. Mzee akaniambia ningeweza kumwambia. Nikamwambia na yeye angeweza kuniambia. Akasema basi tumetoshana nguvu. Tukakaa tukitazama wingu mpaka likavuka.

Nyumba ya wifi iko mwisho wa njia ya mawe, karibu na ziwa, ukutani ameegesha matenga ya vitunguu. Alikuwa anaanika mashuka tulipoingia. Injini ya pikipiki ile anaijua. Alikuwa amekwisha kugeuka kabla hatujafika mlangoni, shuka moja likiwa bado mikononi. Hakutusalimu. Alitazama mkono wa kushoto wa mdogo wake ukizima injini, ukivua kofia, ukitundika kofia kwenye kioo.

"Nani kawaita?" akauliza.

Mtu mwingine angesikia ukali. Mimi nilisikia hofu. Mume wangu naye aliisikia.

"Hakuna aliyetuita, Dada," akasema. "Tumekuja wenyewe."

Wifi alibaki amelishikilia lile shuka. Nikamsogelea nikalishika ncha moja, tukalikunja pamoja, tukikutana katikati na kuachana kama wanawake wanavyokunja mashuka, na tulipokutana mara ya mwisho aliniegemea begani. Akaninong'oneza kuwa nimekonda. Nikamwambia ni uongo wa koti. Akasema basi nimenenepa. Huyo ndiye wifi yangu.

Jikoni, mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mwaka mzima hakuruhusu mtu yeyote akiguse kile kitasa. Alipika chai, akaimimina kikombe kikajaa mpaka ukingoni, na hakukiweka mezani. Alikipeleka kwa mdogo wake, upande wa kushoto, akakaa kumtazama. Mzee alielewa. Akakipokea kwa mkono huo huo, akakiinua. Chai ilicheza ukingoni, ikatulia, ikafika mdomoni. Akanywa. Akasema sukari haitoshi.

"Sukari umekatazwa," wifi akasema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Tulimsimulia habari za nati. Alitaka kuisikia mara mbili, ya pili nikiwa nasimulia mimi, maana alisema mdogo wake tangu utotoni hupunguza kosa lake na kuongeza la mwenzake. Alipoelewa vizuri alinigeukia. "Kwa hiyo wifi yangu ulitaka kumtupa mdogo wangu mtoni kwa spana, baada ya miaka yote hii ya kumpikia? Ungemtupa mapema usipoteze unga." Nikamjibu kwamba na huyo mdogo wake alishiriki, kila mtu alilegeza upande wake. Akajipiga paja. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye amekuwa akilegeza. Kila anaposhika simu anataka kusema jambo, analilegeza linadondoka. Hakusema ni jambo gani, na hatukumuuliza.

Baada ya chakula mume wangu alifungua ile kamba. Alikishika kitasa kwa mkono wa kushoto na kukaza skrubu kwa wa kulia. Dada yake alisimama karibu akimshikia skrubu kiganjani, anampa moja moja, naye anazichukua bila kutazama, kama walivyokuwa wakifanya, nadhani, kabla sijamjua yeyote kati yao. Mlango ulipofunga, wifi aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Tak. Tak.

Jua lilipoanza kuinama, tukavaa makoti. Tulikuwa tumeahidi mchana tu. Wifi alinifungia vitunguu kwenye kikapu, akanikaza skafu, akamfuta mdogo wake vumbi kwenye bega ambalo halikuwa na vumbi. Alisema yote yanayosemwa mlangoni: tuendeshe taratibu, tusipite malori, tumsalimie binti yetu, tumpigie tukifika. Alisema yote isipokuwa lile moja. Mume wangu aliwasha. Niliuona uso wake ndani ya kofia. Alikuwa ametosheka, lakini bado alikuwa anasubiri, kama mtoto anayebakia mlangoni baada ya kupewa kila kitu.

Nikatangulia. Tulifika kwenye mti wa mwisho wa uzio, nikasikia milio mitatu nyuma yangu. Nikasimama, nikageuka kuona kuna nini cha kutazama.

Wifi alikuwa amekuja mbio juu ya yale mawe, ndala moja mkononi. Alishika usukani wa pikipiki, upande wa kushoto, juu ya mkono wa mdogo wake. Mdomo ulifunguka ukafunga. Mume wangu akazima injini, kama yule dereva wa lori alivyozima yake, ili kusikilizana.

"Njooni tena," akasema.

Mzee alipandisha kioo cha kofia yake. "Unasema, Dada? Kofia hii haisikii vizuri."

"Umenisikia, mtoto wewe." Akavuta pumzi, akaushika ule mkono kwa nguvu. "Nimesema mje tena. Na msikawie."